J. H. Sinclair wa Unguja: Msanifu wa Majengo Aliyekuwa Balozi

Katika historia ya Unguja chini ya himaya ya Waingereza, watawala walikuwa wengi na wajenzi wengi, lakini John Houston Sinclair alikuwa vyote viwili. Alijifunza usanifu wa majengo kwao Uingereza, akafika pwani ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akapanda daraja katika utumishi wa serikali hata mwaka 1922 akashika cheo kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo Waingereza kisiwani. Mwaka 1924 A. C. Hollis alikuwa amekwisha kuingia mahali pake. Muda wa Sinclair katika cheo hicho ulikuwa mfupi. Majengo yake yamedumu, nayo ndiyo yanayoeleza wazi zaidi siasa aliyoitumikia.

Unguja, tangu mwaka 1890, ilikuwa nchi ya himaya wala si koloni. Sultani alibakiwa na kiti chake na bendera yake, na sheria zilitolewa kwa jina lake. Lakini nguvu zilikuwa za nani, jambo hilo lilidhihirika tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, kwa kuwa Seyyid Khalid bin Barghash alikalia kiti pasipo idhini yao. Baada ya mambo ya Unguja kuhamishiwa Wizara ya Makoloni mwaka 1913, mkuu wa Waingereza kisiwani aliitwa kwa Kiswahili Balozi. Neno hilo humwonyesha mtu aliyetumwa kwa mfalme mwingine. Kumbe kazi ya mtu huyu ilikuwa kutawala.

Ilivyokuwa kwa jina ndivyo ilivyokuwa kwa jengo. Mahakama Kuu, iliyokamilika mwaka 1908, Sinclair aliivika matao na kuba, ikaonekana kama jumba la Kiarabu. Na ndani yake majaji Waingereza waliketi wakihukumu, wengine kwa jina la Sultani. Herbert Baker, alipoisanifu Mahakama ya Nairobi ya miaka ya 1930, hakuhitaji vazi kama hilo. Kenya ilikuwa koloni tangu mwaka 1920, basi nguzo za mtindo wa kale wa Ulaya zilitangaza wazi dola ya wenyewe.

Hata hivyo, Uarabu huo wa majengo ya Sinclair haukutoka Unguja. Nyumba za mawe za mjini zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliokata upana wa chumba. Kuta za nje ziliachwa tupu; pambo liliwekwa mlangoni, na maisha yakaelekea uani. Misikiti nayo, hasa ya Waibadhi, mingi haikuwa na kuba wala mnara. Makuba ya Sinclair yanakumbusha Istanbul na nchi nyingine za Kiislamu za mbali kuliko mitaa ya Shangani na Malindi.

Jengo lake mashuhuri kuliko yote ni Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya kwanza. Vita hivyo viliigusa Unguja yenyewe, maana tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini. Jengo ni jeupe, lina pande sita na kuba kubwa, na mgeni asiyejua huweza kulidhani msikiti.

Wako wawezao kusema kwamba Sinclair aliiheshimu nchi, na kwamba angaliweza kuijaza nyumba za Kiingereza tupu. Neno hilo lina haki yake. Lakini heshima hiyo ilikuwa kwa sura ya dola ya Sultani kama Waingereza walivyoidhania, na haikuwa kwa ufundi wa waashi wa Unguja. Utawala wa himaya ulikoma Desemba 1963, na usultani ukaanguka tarehe 12 Januari 1964. Majengo yakabaki, na Mji Mkongwe ukaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Hivyo mtafiti anayesoma historia ya Unguja katika kuta zake yampasa atenganishe tao la mwashi wa mjini na tao la Balozi.