Ushuhuda na Mashaka: Masimulizi ya Wokovu Kampala, 1929–1977

Makala haya yanachunguza jinsi masimulizi binafsi ya imani ya Kikristo yalivyopokelewa na jamii yenye mashaka katika Kampala na viunga vyake. Hoja yetu ni kwamba ushuhuda haukuaminiwa kwa ufasaha wa msemaji, bali pale ulipomweka msemaji mwenyewe katika hali ya kuhojiwa, kulipa au kuadhibiwa.

Mnamo Septemba 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana katika kilima cha Namirembe na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho ulioenea baadaye uliwataka watu waungame dhambi hadharani na kurudisha walichoiba. Hapo palikuwa na kipimo kilichoeleweka hata kwa asiyeamini: jirani aliyeibiwa hakuhitaji kuijua teolojia ili kuona kama mali yake imerudi.

Hata hivyo, mashaka makali yalitoka ndani ya Kanisa lenyewe. Mwaka 1941, wanafunzi 26 wa Chuo cha Teolojia cha Askofu Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukaidi amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao ya kukemea dhambi. Wakosoaji wao hawakukosa hoja. Anayeungama hadharani huweza kufichua siri za mwenzake ambaye hakuomba kutajwa, na anayejiita aliyeokoka huwahukumu wengine hata kabla hajasema neno.

Msamiati umehifadhi mvutano huo. Neno la Kiganda *balokole*, yaani waliookolewa, lilivuka mpaka na kuingia Kiswahili kama *walokole*. Hadi leo muumini hulitamka kwa heshima, na mwenye shaka hulitamka kwa kejeli. Kiswahili pia humwita *shahidi* yule anayesema alichokiona na yule anayeuawa kwa ajili ya imani yake, kama waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Maana hizo mbili zilikutana tena kwa Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huohuo na baadaye kuwa Askofu Mkuu. Februari 1977, baada ya maaskofu kulalamikia kwa maandishi vitendo vya utawala wa Idi Amin, Luwum aliuawa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza ajali ya gari. Safari hii neno lililotiliwa shaka lilikuwa la dola. Waumini walikusanyika Namirembe kando ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, lakini mwili haukuletwa. Ulizikwa Mucwini, kijijini kwake.

Kwa watafiti, historia hii inadai kwamba ushuhuda usipokewe kama ukweli mtupu wala kutupwa kama hisia tupu. Ulizwe: ni nani angeweza kuukanusha, na msemaji alilipa nini? Kwa washauri wa sera, tunapendekeza masimulizi ya wazee wa uamsho yarekodiwe katika lugha walizoungamia, yafasiriwe kwa Kiswahili, na majina ya waliotajwa bila ridhaa yao yafichwe. Sauti za wenye mashaka nazo zihifadhiwe. Bila hizo, hatutajua ushuhuda ulikuwa ukijibu nini.