Jumamosi ya Kwenda Paris

Katika Kiswahili Jumamosi ndiyo siku ya kwanza. Jina lenyewe latuambia hivyo: Ijumaa imekwisha, watu wametoka msikitini, na hesabu ya siku yaanza tena kwa mosi. Ni ajabu kidogo basi kwamba siku hiyohiyo tumezoea kuihesabu katika mwisho wa juma, na wengi wetu twasema wikendi bila kuona kinyume chochote. Wafaransa nao walilitwaa neno hilo kwa Waingereza likiwa zima, ingawa wenzao wa Quebec wamelikataa na kujitungia la Kifaransa. Lakini neno la namna hii halisafiri peke yake. Hufuatana na desturi, na desturi hii ina tarehe zake. Nataka kuitazama katika jambo moja dogo, nalo ni safari ya Mwingereza wa mshahara mdogo kwenda kuuona mji wa Paris na kurudi kazini kabla tajiri wake hajauliza alikokwenda.

Aghalabu habari hii husimuliwa kama habari ya nauli. Husemwa kwamba Thomas Cook, fundi seremala aliyekuwa adui wa pombe, aliwapeleka watu wapatao 500 kwa gari la moshi kutoka Leicester hadi Loughborough tarehe 5 Julai 1841 kwa shilingi moja kila mtu, na kwamba toka hapo safari ziliendelea kuwa rahisi mpaka zikavuka bahari. Hayo ni kweli. Lakini shilingi ina faida gani kwa mtu asiye na siku? Kibarua wa kiwandani wa miaka ile alifanya kazi siku sita, akapumzika Jumapili. Alipotaka zaidi aliiba Jumatatu, na wizi huo ulikuwa wa kawaida hata ukapewa jina la utani, Mtakatifu Jumatatu, kana kwamba ni sikukuu ya kanisa. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliamuru wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi. Na kwa kuwa mashine hazikuweza kwenda bila wao, wanaume wengi nao waliachiliwa. Mahali pengi nusu ya Jumamosi ilitolewa kwa shabaha ya kuizika ile Jumatatu. Mwaka 1871 Bunge likaongeza sikukuu za benki, na mojawapo ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste.

Ilikuwa katika Pentekoste, miaka kumi kabla ya sheria hiyo, kwamba Cook aliwavusha wafanyakazi zaidi ya 1,600 kwenda Paris. Mwenyekiti wa halmashauri ya safari alikuwa Joseph Paxton, yule aliyebuni jumba la kioo la Maonyesho ya London ya mwaka 1851. Mambo mawili yaliwafungulia njia. Mwaka 1860 nchi hizo mbili zilifanya mapatano ya biashara, na tangu mwanzo wa mwaka 1861 Napoleon III aliwaruhusu Waingereza kuingia Ufaransa bila pasipoti. Cook mwenyewe alipata hasara katika safari ile, maana bei aliyotoza haikutosha gharama.

Waliona nini huko? Waandishi wengi hukimbilia barabara mpya za Haussmann. Mimi naona jambo kubwa lilikuwa Jumapili yenyewe. Mjini London jumba la makumbusho la taifa, British Museum, lilifungwa siku hiyo, na halikufunguliwa Jumapili mpaka mwaka 1896, kwa sababu watu wa dini walishindana na pendekezo hilo kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba fundi wa London alifungiwa mlango katika siku ile moja aliyokuwa nayo. Paris, Louvre ilikuwa wazi kwa watu wote Jumapili, bila malipo. Basi mtu aliweza kuvuka bahari akapewa na wageni haki aliyonyimwa na mji wake, na kodi ya kuutunza ule mlango uliofungwa ameilipa mwenyewe.

Njia ya wanyonge ilikuwa Newhaven hadi Dieppe, na kutoka hapo kwa reli kupitia Rouen mpaka kituo cha Saint-Lazare. Nauli yake ilikuwa ndogo kuliko ya njia ya Dover na Calais, lakini bahari yake ni pana mara kadhaa, na mwenye fedha chache aghalabu alivuka usiku. Alichopunguza mfukoni alikilipa kwa usingizi.

Nao Waparisi je? Sheria ya Ufaransa ya kupumzika siku moja kwa juma ilitoka Julai 1906. Mwezi Mei 1917, katikati ya vita, wanawake washonaji wa Paris waligoma na kuandamana wakidai kile walichokiita juma la Kiingereza, yaani Jumamosi mchana bila kukatwa mshahara. Walikipata kwa sheria ya tarehe 11 Juni. Mgeni alikuwa ameitumia Jumamosi hiyo mjini mwao kwa miaka mingi kabla yao.

Hesabu ileile ya saa yaonekana hata angani. Mwaka 1955 shirika la Skyways lilianza kuwachukua wasafiri kwa basi kutoka London hadi kiwanja cha Lympne, kwa ndege ya Dakota hadi Beauvais, kisha kwa basi tena hadi Paris. Nauli ya ndege baina ya miji mikuu ilipangwa kwa mapatano ya mashirika. Basi mbili na viwanja viwili vya mashambani viliwezesha kuikwepa. Beauvais iko kilometa 80 hivi kutoka Paris. Tangu mwaka 1994 gari la umeme lapita chini ya bahari, na tangu 2007 laweza kufika kwa muda wa saa mbili na robo, lakini mwenye kulipanda Ijumaa jioni hulipa zaidi. Kiwanja cha Beauvais bado chapokea ndege za nauli ndogo, na abiria wake wa Jumapili sharti aondoke mjini saa nyingi kabla ya ndege.