Tawakali

Muulize mvuvi wa Nungwi kama haogopi kutoka msimu wa kusi, huenda akakujibu neno moja: "Nimetawakali." Kitenzi hiki cha asili ya Kiarabu kina ndugu tunaowajua, wakili na wakala. Anayetawakali amemkabidhi Mungu shauri lake, akiamini kwamba yupo anayelisimamia na ana kusudi nalo, hata bahari ikichafuka.

Kinachoniuma ni neno hili kutumiwa kufunika uzembe. Chombo kimefurika watu, majaketi ya kuokolea hayatoshi, halafu abiria wanaambiwa watawakali! Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu ngamia, alielekeza afungwe kwanza, ndipo mwenyewe atawakali. Mpangilio huo ndio uzito wa neno.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Aliyekuwa majini gizani, ameshika godoro, hakubakiwa na kamba ya kufunga. Kwake yeye, kutawakali kulikuwa haki yake kamili.