Mabalako: Imani Iliyosingiziwa

Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina katika zoni ya afya ya Mabalako, mashariki mwa Kongo, haukupita muda akatajwa mshtakiwa mwingine kando ya virusi: imani ya watu. Wanaokimbia chanjo, tuliambiwa, wamepotoshwa na wachungaji na waganga. Kwa shirika la kiraia linalotafiti dini huku likitetea haki za binadamu, dai hili ni mtego.

Kuhusu nafasi ya imani katika mazishi hakuna ubishi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2014, uliotayarishwa pamoja na viongozi wa dini, ulishakubali kwamba maiti ya Ebola nayo huombewa. Ubishi uko kwenye chanzo cha ukaidi. Mtafiti Patrick Vinck na wenzake waliwahoji watu wazima 961 wa miji jirani ya Beni na Butembo Septemba 2018. Robo hivi hawakuamini kwamba Ebola ipo, na takwimu hiyo ndiyo inayopendwa kunukuliwa. Katika utafiti huohuo, chini ya theluthi moja ndio waliowaamini viongozi wa hapo kuwa wanatetea maslahi yao. Hiyo husomwa haraka, kisha ukurasa hufunuliwa.

Tuitazame Desemba. Tarehe 26, Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura ya rais na wabunge Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Waumini walikuwa wametoka kusali Noeli jana yake, bega kwa bega kwenye mabenchi. Tarehe 27 waandamanaji Beni walivamia kituo cha kupokelea washukiwa wa Ebola. Tarehe 30, wenyeji wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe, wakapanga foleni na kupiga kura wakijua hazitahesabiwa. Sioni mahubiri hapo. Naona raia waliolinganisha benchi la kanisa na foleni ya kura, wakauliza ni ugonjwa gani huu unaochagua mkusanyiko.

Nitaambiwa kwamba mahojiano ya Septemba yalitangulia uamuzi wa Desemba. Sawa: kura haikuzaa shaka, iliikuta imekomaa tangu mauaji ya raia wa Beni ya Oktoba 2014, ambayo serikali ilishindwa kuyazuia. Nitaambiwa pia kwamba uvumi mwingi ulivaa kanzu ya dini. Ulivaa, maana kanisani na msikitini ndiko watu hawa walikozoea kusemea. Anayetafiti kanzu akamwacha aliyeivaa anaandika hati ya mashtaka, hata akiiita ripoti ya haki.

Mashirika ya haki za binadamu ya Beni na Butembo, CEPADHO likiwamo, yamejifunza kuhesabu waliouawa. Wanaokwenda Mabalako kuuliza habari za imani nao waanze na daftari la yale ambayo watu wamenyimwa. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Beni na Butembo walipiga kura tarehe 31 Machi, ya wabunge tu.