Cheo Kilipokaa Kwenye Koti

Filamu bubu ziliwapa watumishi nafasi ambayo jukwaa la tamthilia halikuwapa kwa urahisi. Jukwaani, mtumishi aliyevaa joho la bwana wake angeweza kufichuliwa na lafudhi mara tu afunguapo kinywa. Kwenye sinema isiyo na sauti, cheo kilikaa kwenye koti, kofia na mwendo. Aliyevua koti na kuvaa jingine alihama tabaka papo hapo.

Hata watazamaji walikuwa tayari. Kumbi za senti 5 zilizotapakaa Marekani kuanzia 1905 zilijaa vibarua na wahamiaji. Mwaka huohuo Edwin S. Porter aliwaonyesha, katika The Kleptomaniac, wanawake wawili walioiba: tajiri akaachiwa, maskini akafungwa. Hasira ilikuwepo. Mapinduzi ya vyeo yakafuata.

Mwaka 1919 yalikuja kwa kishindo. Ujerumani, Ernst Lubitsch alimwozesha mtumishi kwa binti wa tajiri aliyeitwa mfalme wa chaza kwa kuazima jina la bwana wake. Hollywood, Cecil B. DeMille, katika Male and Female, aliizamisha boti ya anasa ya makabaila wa Kiingereza. Kisiwani, Crichton, mkuu wa watumishi, ndiye pekee aliyejua kazi, basi akatawala, na Lady Mary, binti wa bwana wake, akamhudumia. Meli ya uokozi ilipotokea, akarudi kwenye utumishi. Utawala wake ulikuwa wa kuazimwa, na hilo linaniudhi hadi leo.

F. W. Murnau hakuazima kitu. Katika Der letzte Mann (1924), Emil Jannings ni bawabu mzee wa hoteli ya fahari, anayeheshimiwa mtaani kwake kwa sababu ya sare yenye vifungo vinavyong'aa. Meneja anamwona akihema chini ya sanduku zito, anamhamishia msalani kugawa taulo. Mzee anaiba sare ili aivae kwenye harusi. Karibu filamu nzima haina maandishi, na haiyahitaji: mgongo wa Jannings unapinda mara koti linapovuliwa. Mwishoni anarithishwa mali ya milionea, baada ya maandishi kukiri kwamba katika maisha halisi asingengoja ila kifo. Huo ndio ukweli ambao DeMille aliukwepa.

Sauti ilipoingia, lafudhi ilirudi na ulinzi wake. Katika Pygmalion ya 1938, muuza maua anaogeshwa na kuvishwa vizuri, lakini bado anatakiwa kufunzwa irabu kwa miezi kabla ya kukubalika ukumbini.