Kasri la Windsor na Sarafu za Watoto

Historia ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa katika Afrika ya Mashariki aghalabu husimuliwa kwa majina ya wafalme, mabalozi na mikataba. Masimulizi hayo ni ya kweli, walakini hayakutimia. Chini ya milima ya Uluguru, ilipopita njia ya misafara kutoka bara kwenda Bagamoyo, mikono miwili ilifanya kazi: mkono wa mfalme uliotia sahihi, na mkono wa mtoto uliotia sarafu kikapuni. Mikono yote miwili ilitoka mbali, na wote waliotendewa wema huo hawakuulizwa wautaka wema wa namna gani.

Seyyid Barghash bin Said alitawala Unguja tangu mwaka 1870. Tarehe 5 Juni 1873, huku akitishwa kuzingirwa na manowari za Kiingereza, alikubali mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko lao mjini. Miaka miwili baadaye alialikwa Uingereza. Kiangazi cha 1875 alipokewa na Malkia Victoria katika kasri la Windsor, na tarehe 14 Julai mkataba wa nyongeza ukatiwa sahihi London. Mgeni alikirimiwa kwa taadhima, lakini karamu ya mwenye nguvu ina deni lake. Mwezi wa Aprili 1876 Sultani alitoa amri za kukataza watumwa wasipitishwe kwa njia ya nchi kavu.

Amri hizo ziliihusu Morogoro moja kwa moja, kwa kuwa bahari ilipofungwa, biashara iligeukia bara. Lakini nguvu za Sultani zilipungua kwa kadiri mtu alivyoacha pwani nyuma yake. Katika nchi ya Morogoro nguvu ilikuwa ya ukoo wa Kisabengo, Mzigua aliyejenga mji wenye boma imara chini ya milima. Stanley alipopita mwaka 1871 alimkuta bintiye, Simbamwene, akitawala. Kisabengo alisifiwa kwa kuwapokea watoro wa utumwani, na akaogopwa kwa kuwateka watu wa jirani. Kimbilio la mmoja lilikuwa hofu ya mwingine, na karatasi ya Windsor peke yake isingeweza kulimaliza jambo hilo.

Mkono wa pili ulikuwa mdogo zaidi. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson alianzisha Ufaransa Shirika la Utoto Mtakatifu. Kila mtoto aliombwa sarafu moja ndogo kwa mwezi, pamoja na sala fupi, kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Haba na haba hujaza kibaba: sehemu ya michango hiyo iliwafikia Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kabla ya 1873 mapadre walinunua watoto sokoni Unguja ili wawakomboe. Baadaye walipokea watu waliokamatwa majini na manowari. Waliokuzwa Bagamoyo walioana, na baadhi yao wakapelekwa bara kuwa wakazi wa kwanza wa vijiji vipya: Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, na Morogoro 1882. Mwaka 1897 misheni ilipanda milimani hadi Matombo, kati ya Waluguru wenyewe.

Sadaka hiyo ilizaa matunda. Watu waliokwisha kuwa bidhaa walipata nyumba, mke au mume, shamba na ufundi. Lakini kukombolewa si sawasawa na kuwa huru. Katika vijiji hivyo kengele ndiyo iliyoipanga siku. Sehemu kubwa ya juma ilikuwa ya mashamba ya misheni. Ndoa na makazi vilitaka ridhaa ya padre. Wako waliotulia wakashukuru, na wako waliotoroka. Utoro wao haukuwa ukosefu wa shukrani. Ulikuwa ushahidi kwamba mtu aliyenunuliwa kwa nia njema bado hutaka kujinunua mwenyewe.

Sheria nayo ilikwenda polepole. Serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza. Basi tangu Barghash aketi na Malkia hadi sheria hiyo ilipita miaka arobaini na saba, umri wa mtu mzima.

Leo watoto wa Utoto Mtakatifu katika parokia za Tanzania nao hutoa sarafu zao kwa ajili ya wenzao wasiowajua. Mpokeaji wa jana amekuwa mtoaji. Historia ya Morogoro inawaachia watoaji wote, wa kasri na wa kikapu, kipimo kimoja: wema haupimwi kwa ukuu wa jumba ulikotoka wala kwa wingi wa fedha, bali kwa nafasi anayoachiwa aliyesaidiwa kusema neno lake.