Taa Kuukuu Katika Nchi ya Bati: Historia ya Mwanga na Mafundi wa Maniema

Wilaya ya Kailo, jirani ya mji wa Kindu katika jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, ina mawe mawili meusi ambayo mgeni huyapita njiani bila kugeuka. La kwanza ni kasiterite, ambalo likiyeyushwa hutoa bati. La pili ni wolframite, ambalo hutoa tungsteni. Mchimbaji akiosha mchanga wake mtoni, maji huchukua kilicho chepesi, na mawe hayo mawili hubaki chini pamoja kwa sababu uzito wao unakaribiana sana. Ili kuyatenganisha hutumiwa sumaku: wolframite huvutwa, kasiterite hukaa palepale.

Mawe ya aina hiyo yameangaza dunia. Kwa miaka mia moja tungsteni ndiyo iliyokuwa uzi unaong'aa ndani ya balbu. Bati ndilo lililopaka makopo na madebe yaliyoleta mafuta ya taa vijijini, na ndilo kiini cha lehemu inayounganisha kila kitu, kuanzia kibatari hadi taa ya sola. Habari za makampuni yaliyochimba madini hayo zimehifadhiwa. Habari za fundi aliyechukua taa iliyochakaa akaifanya iwake tena hazikupata mwandishi, ingawa ni yeye aliyewapa watu wengi wa Kongo ya mashariki mwanga wa kulia chakula na kusomea. Fundi huyo anastahili nafasi katika historia.

Ulimbo, mawese na mishumaa ya matajiri

Kabla ya mafuta ya taa, msitu ulikuwa na mwanga wake. Mpafu, mti mrefu ambao matunda yake huliwa, hutoa ulimbo wenye harufu nzuri unaoshika moto upesi, na ulimbo huo ulitumika kama mwenge. Nyumbani mawese yalifanya kazi. Yalitiwa katika kigae pamoja na utambi, na joto la mwali lenyewe liliyazuia yasigande. Taa ya namna hiyo ina moshi na mwanga wake ni hafifu, lakini kila kilichomo kilitoka shambani au mtoni.

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilileta bidhaa za pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi makubwa Nyangwe na Kasongo, kando ya mto Lualaba. Kati ya wasafiri wa Kizungu, David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, Verney Lovett Cameron akafika mwaka 1874, na Henry Morton Stanley akakutana na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, huku Maniema mwaka 1876. Biashara ya pembe na ya watumwa ya Waarabu na Waswahili hao iliacha vidonda vikubwa. Iliacha pia lugha ya Kiswahili, kilimo cha mpunga na mahitaji mapya ya nyumbani. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipoiteka Kasongo mwaka 1893, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja nayo, Sidney Hinde, aliandika kwamba walikuta humo mishumaa na viberiti kwa wingi. Mishumaa hiyo ilikuwa imesafiri mamia ya maili juu ya vichwa vya wapagazi, kwa hiyo ilibaki kuwa mwanga wa wenye nacho.

Debe lililogeuka taa

Mambo yalibadilika reli ilipofika. Mwaka 1910 reli ya kampuni ya CFL iliunganisha Kongolo na Kindu, na Kindu ikawa mahali pa kushusha mizigo kutoka kwenye treni na kuipakia melini kuelekea chini ya mto. Katika Afrika Mashariki na Kati wakati huo, mafuta ya taa yalisafirishwa katika madebe ya lita 18 hivi, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilichota maji, likapima mahindi sokoni, likakunjuliwa likaezeka paa. Na mara nyingi lilikatwa likawa taa ya kuchomea mafuta yaleyale yaliyokuja ndani yake.

Hapo ndipo ilipoanzia kazi ya fundi wa bati kama tunavyoijua. Pwani na Tanganyika taa yake iliitwa kibatari, Kenya koroboi. Ni taa moja kwa umbo, na imetengenezwa kwa namna ileile kuanzia Kamukunji, Nairobi, hadi masoko ya Kongo.

Mtazame fundi akiwa kazini. Ameweka mbele yake kopo tupu la maziwa au la nyanya, mkasi wa bati, nyundo ndogo, na chuma chenye kichwa cha shaba kilichozikwa katika makaa. Anakata kipande chembamba cha bati na kukikunja kwenye msumari mpaka kiwe mrija wa utambi. Anatoboa kifuniko, anapitisha mrija, kisha anachukua chuma cha moto na kukigusisha kwenye lehemu. Lehemu inayeyuka, inatiririka kuzunguka shina la mrija na kukamata mara moja. Inakamata kwa sababu kopo ni chuma kilichopakwa utando mwembamba wa bati, na lehemu yenyewe ni bati lililochanganywa na risasi, kwa hiyo mbili hizo hushikana kama ndugu. Bati tupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 za Selsiasi. Likichanganywa na risasi kwa kipimo sahihi, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Makaa ya kawaida yanatosha, na fundi hahitaji umeme wala gesi.

Chemli inayorudi kutoka jaani

Juu ya kibatari ilikuwepo chemli, taa ya mkononi yenye kioo isiyozimwa na upepo. Ubunifu wake ulifanywa na Mmarekani John Irwin katika miaka ya 1860 na 1870: mirija miwili ya ubavuni inarudisha hewa chini kwenye mwali, ndiyo maana moto hautikisiki mtu anapotembea. Kampuni ya Dietz ya Marekani na ile ya Feuerhand ya Ujerumani ziliitawanya taa hiyo duniani, na Afrika ikaipokea kama taa ya safari, ya kituo cha reli, ya zahanati na ya ukumbi wa wageni.

Chemli ni ghali kwa mtu wa kijijini, kwa hiyo haikuruhusiwa kufa. Kioo kikipasuka hutafutwa kingine, au hukatwa chupa. Tangi likitoboka huzibwa. Fundi mwenye uzoefu hulisuuza tangi kwanza na kulijaza maji hadi karibu na tundu, ndipo anapoweka chuma cha moto, kwa kuwa mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka. Kisha hulizamisha ndani ya ndoo na kutazama: povu likitoka, kazi haijaisha. Masizi husuguliwa kwa jivu na ndimu. Utambi hukatwa pembe zake mbili ili mwali uwe wa mviringo na usitoe moshi. Nyuma ya kioo hubandikwa kipande cha bati kilichong'arishwa, nacho hurudisha upande wa msomaji mwanga ambao ungepotelea ukutani. Kipande hicho ndicho kofia ya taa ya mtu wa kawaida, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anajua thamani yake.

Madini yanaondoka, balbu zinakuja

Mwaka 1904 Alexander Just na Franjo Hanaman walisajili Budapest ubunifu wa kutumia uzi wa tungsteni ndani ya balbu mahali pa kaboni. Miaka michache baadaye William Coolidge wa kampuni ya General Electric ya Marekani alipata njia ya kuilainisha metali hiyo ngumu hadi ivutike kuwa uzi mwembamba. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, juu kuliko metali nyingine yoyote, na ndiyo sababu iliweza kuwaka ndani ya kioo saa nyingi bila kukatika.

Maniema iliingia katika soko hilo la dunia wakati wa Wabelgiji. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932 na kuifanya Kalima kuwa mji wa bati. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, nchi zilizopigana nao zilibaki zikiegemea bati la Bolivia, Nigeria na Kongo, na wachimbaji wa Maniema wakabebeshwa mzigo huo. Mto Lutshurukuru, karibu na Kalima, uliwekewa mitambo ya umeme kwa ajili ya migodi, na Kindu nayo ikaja kutegemea umeme huo. Kwa njia hiyo taa za mezani, zenye kofia za kitambaa zilizovishwa juu ya fremu za waya, ziliingia katika nyumba za maofisa. Vijijini kibatari kiliendelea kufuka.

Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 mpango wa kimataifa wa kulinda bei ya bati ulivunjika, bei ikaporomoka, na Maniema ikaumia kama maeneo mengine yote yaliyotegemea bati. Uchimbaji wa mikono ukachukua nafasi ya mitambo. Vita vikafuata. Mwaka 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji wa mikono Maniema na katika Kivu zote mbili, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2011. Kila pigo lilimaanisha fedha kidogo nyumbani, na fedha zikipungua vitu hukarabatiwa zaidi. Mafundi walishika zamu ya mwanga wakati makampuni yalipoondoka.

Kuipa taa maisha mapya leo

Teknolojia ya sasa inampa fundi nafasi ambayo babu yake hakuwa nayo. Balbu ya uzi wa tungsteni iligeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Kofia ya taa ililazimika kukaa mbali nayo, na hata hivyo kitambaa kiliungua au kuwa kahawia. Taa ya LED hutoa joto kidogo sana. Kwa hiyo fremu ya zamani iliyopoteza kitambaa chake inaweza kuvishwa kitu chochote kinachopitisha mwanga: kitenge chepesi, au nyuzi za mti wa mwale zilizosukwa kama zinavyosukwa kapu na mkeka. Ufundi huo wa kusuka umejaa Maniema, na mikono ya kuufanya ipo.

Kazi yenyewe huanza kwenye fremu. Waya husuguliwa kutu kwa msasa na kupakwa rangi, maana kutu hupenya na kutia madoa kitambaa kipya. Fremu huzungushiwa utepe, na kitambaa hushonewa kwenye utepe huo, kikivutwa sawasawa kutoka juu hadi chini, ubavu kwa ubavu, ili kisilegee. Waya wa umeme uliokauka na kupasuka ganda hubadilishwa wote. Kuufunga gundi ni kuitega nyumba moto. Chemli nayo huondolewa kichwa cha utambi, tangi likaoshwa na kukaushwa, betri zikawekwa ndani yake na LED ikakaa mahali pa mwali. Kioo kinabaki, mpini unabaki, na mwenye nyumba anapata taa isiyo na moshi.

Moshi huo ni jambo la uzima. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri kaya ziache kutumia mafuta ya taa, kwa sababu ya hewa chafu na ajali za moto. Kibatari kimeunguza watoto wengi, na kukisifu bila kusema hivyo ni kuwadanganya wasomaji. Fundi naye ajilinde: lehemu yenye risasi ifanyiwe kazi mahali penye hewa, mikono ioshwe kabla ya kula, na watoto wakae mbali.

Katika Kongo nzima, takriban mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme nyumbani. Wakati huohuo, karibu nusu ya bati linalotumika duniani huenda kwenye lehemu, ile inayoshika vipande vya simu, kompyuta na taa za LED. Nchi inayotoa bati inastahili mwanga, na deni hilo ni la serikali na la wanunuzi wa madini. Haifai wananchi waambiwe wasubiri hadi nguzo za umeme zifike.

Lipo pia ambalo wenyeji wanaweza kulianza sasa. Shule za ufundi za Kindu na Kailo ziwaite mafundi wa bati wazee wafundishe vijana kulehemu, kukagua waya na kubadilisha taa ya mafuta iwe ya LED, kabla ujuzi huo haujazikwa nao. Masoko yawatengee meza na kivuli. Nawe msomaji, ukiwa na chemli iliyotoboka au taa ya mezani iliyopoteza kofia, usiitupe wala usiiuze kama chuma chakavu. Mpelekee fundi, kaa naye uone anavyofanya, na umlipe bei ya haki.